Naomba ushauri: wigi la mama likilegezwa linateleza, likikazwa linambana

Habari zenu ndugu wanakikundi. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuvaa au kushona wigi la mtu asiye na nywele kabisa.

Mama yangu amenyonyoka nywele zote kutokana na dawa za kemo (tiba ya saratani), na ngozi ya kichwa imekuwa laini kiasi kwamba hata mshono wa kofia ya ndani unamkera. Nilimpima kwa futikamba kuanzia juu ya paji la uso, nikapita nyuma ya masikio na kisogoni hadi nilipoanzia, nikapata inchi 21, ilhali mawigi mengi ninayoyaona Kariakoo ni ya saizi ya kati, yaani takriban inchi 22 na nusu. Nikilegeza mikanda ya nyuma, wigi linateleza kila anapoinama; nikiikaza, kofia inajikunja kisogoni na kumwachia alama. Kusuka twende kilioni ili vichana vya ndani ya wigi vipate pa kushika haiwezekani, na gundi sithubutu kumpaka. Soksi ya nailoni ya kuvaa kichwani chini ya wigi tuliijaribu, ikazidisha utelezi na joto, na joto la Dar mnalijua.

Je, nitafute wigi dogo tangu mwanzo, au fundi anaweza kupunguza hili bila kuacha mshono mnene ndani? Na kwenye upara, mkanda wa velveti unashika kweli, au kofia ya pamba inatosha? Ningefurahi kumsikia aliyevaa mwenyewe, kwani wauzaji wote huniambia tu kwamba atazoea.