Utafiti wetu wa akina mama wauza samaki Lamu: tufanyeje ufike kwenye bajeti ya kaunti?

Binti wa Langoni (Lamu) ameuliza:

Assalamu alaykum wanajukwaa. Sisi ni vijana sita wa chama kidogo cha kijamii kisichotafuta faida hapa Lamu. Kaskazi iliyopita, kati ya Desemba na Machi, tulipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Langoni na kijiji cha Matondoni tukiwahoji akina mama wanaonunua samaki dikoni, vyombo vinaposhusha samaki, wakawakaanga na kuwauza. Swali tuliloanza nalo ni hili: mbona mama amekaanga samaki miaka thelathini, na leo binti yake amekaa kwenye jiko lile lile, kwa mtaji ule ule wa kununua samaki wa siku moja?

Majibu tuliyopata yanaumiza. Wengi hawana barafu wala friza, kwa hiyo samaki ambaye hajauzwa kufikia magharibi huenda kwa bei yoyote atakayoitaja mnunuzi. Wengi hawakopi benki, kwa sababu mkopo una riba nao hawataki kuila wala kuilipa, na hata wangetaka, nyumba wanazoishi ni za urithi ambao haujagawanywa, hivyo hakuna hati yenye jina lao ya kuweka rehani. Mama mmoja alitueleza kwamba ada ya binti yake ilimshinda kwa muhula mmoja tu, wakati wa kusi bahari ilipochafuka, na muhula huo mmoja ndio uliomtoa mtoto shuleni moja kwa moja.

Tuliandika ripoti ya kurasa arobaini, tukaipeleka kwenye ofisi moja ya umma mwezi wa Mei. Tulipokewa kwa heshima, tukapigwa picha, na tangu siku hiyo hatujasikia neno. Naomba waliowahi kufanya kazi ya namna hii watueleze: utafiti hugeuzwaje kuwa fungu la bajeti au sera inayotekelezwa, na ni wapi tulipokosea?

Mstaafu wa Mipango (Malindi) amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nilifanya kazi ya mipango na fedha serikalini miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Malindi, na ripoti nzuri kama yenu nimeziona zikizeeka kabatini kwa sababu moja kuliko zote: zilifika baada ya uamuzi kufanywa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Waraka wa Februari ndio unaoweka kiwango cha fedha cha kila idara. Mtu akija Mei anakuta kiwango kimekwisha kuwekwa, na kilichobaki ni kuvutana juu ya vipande vidogo, ambapo kumwongezea mmoja lazima umpunguzie mwingine.

Kwa hiyo hesabu zenu zianzie Julai na Agosti, wakati mpango wa mwaka unaandikwa. Kabla ya hapo, someni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, yaani wa 2023 hadi 2027, mkatafute humo kila mahali palipotajwa uvuvi, masoko na barafu. Kama hitaji la akina mama limo tayari, kazi yenu ni kuuliza limefikia wapi na limetengewa kiasi gani. Kama halimo, ni vigumu sana kuliingiza kwa mwaka mmoja, na hapo mjue kwamba kuna kazi ya kujiandaa kwa mpango utakaofuata.

Nina shaka pia kwamba mliomba mambo mengi kwa mlango usio wake. Someni Jedwali la Nne la Katiba. Uvuvi na masoko ya mashinani yamo katika kazi za kaunti, lakini bandari kubwa na miradi kama LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ni ya serikali kuu. Mkimpelekea afisa wa kaunti waraka unaochanganya barafu, bandari na hati za ardhi, atawajibu kwa ukweli kabisa kwamba mengi hayamo mikononi mwake, na lile moja analoliweza litapotea humo humo. Chukueni ombi moja, liandikeni kwa kurasa mbili, mtaje idara, mahali, gharama ya kununua na gharama ya kuendesha kila mwaka. Hiyo ya mwisho husahauliwa, na mashine isiyo na fedha za umeme na fundi huwa chuma tu ndani ya miaka miwili.

Kuna njia mbili ambazo vyama vidogo huziacha bure. Kifungu cha 137 cha sheria hiyo hiyo kinaanzisha Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo gavana ndiye mwenyekiti wake, na ndani yake mna wajumbe wasio watumishi wa umma wanaopendekezwa na wafanyabiashara, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini. Tafuteni nani anawakilisha wanawake wa Lamu pale, mkamweleze yeye kwanza. Njia ya pili ni Hazina ya Usawazishaji, iliyoundwa na ibara ya 204 ya Katiba kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, nayo hupewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali kuu ya kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Lamu na Kilifi zote zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za awamu ya kwanza. Hazina hiyo iliwekewa muda wa miaka 20 kutoka 2010, isipoongezwa, kwa hiyo anayetaka umeme wa uhakika dikoni kupitia mlango huo asikawie.

Nahodha wa Kizingitini amejibu:

Mwanangu, nakushukuru kwa kuwajali mama zetu, na yule mzee wa Malindi amesema la haki kuhusu wakati. Lakini mimi nina neno juu ya barafu yenyewe. Nimekwenda bahari tangu nilipokuwa mdogo, na najua samaki akishatolewa chomboni ni wa nani. Tajiri ndiye mwenye mashua, mwenye mashine na mwenye jarife. Tukirudi, hutolewa gharama ya mafuta na chakula kwanza, kisha chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na linalobaki ndilo tunalogawana mabaharia. Wengi wetu tuna deni kwake tangu kusi, aliponunulia nyumba chakula tulipokuwa hatutoki nje ya mwamba, na deni hilo tunalilipa kwa kumuuzia yeye samaki kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mama anayesubiri dikoni hupata wale ambao tajiri hakuwataka.

Sasa niambie, mashine ya barafu ikiletwa, itamsaidia nani kwanza? Atakayejaza sanduku ni yule aliye na samaki wengi. Sisemi msiombe barafu. Nasema ulizeni kwanza nani ana chombo na nani ana deni, na jambo hilo mliulize wakati wa kusi, msiulize kaskazi pekee. Mlipita kwenye nyumba wakati bahari imetulia na watu wanacheka. Njooni Juni au Julai mwone jiko lililozimika.

Mtafiti (Malindi) amejibu:

Ninaafikiana na nahodha kwa kiasi kikubwa, na naona hoja yake inaipa ripoti nguvu zaidi kuliko kurasa zote za mwanzo, kwa sababu inaeleza kinachozuia mtoto kupanda hatua moja juu ya mzazi wake, ambalo ndilo swali lenu. Linganisheni nyumba zile zile kwa misimu miwili. Hamhitaji nyumba nyingi, mnahitaji kurudi kwa wale wale.

Nina wasiwasi mmoja ambao haujatajwa. Lamu ni mahali ambapo watu wote wanajuana. Mkiandika "mjane mwenye mabinti watatu anayekaanga samaki karibu na msikiti fulani", hamkutaja jina na hata hivyo mtaa mzima umemjua, pamoja na deni lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mpate ridhaa ya mtu na muilinde siri yake, lakini hata isingekuwapo sheria, mama aliyewafungulia mlango anastahili sitara. Ondoeni mambo yanayomtambulisha, kisha wasomeeni wao wenyewe ripoti kwa Kiswahili kabla haijaenda kwa mkubwa yeyote. Katika kazi zangu, nimeona mara kadhaa wahojiwa wakirekebisha jambo ambalo mimi nilikuwa na hakika nalo.

Kuhusu ofisi iliyonyamaza, msiende tena kwa maneno. Andikeni ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mkiuliza ni fedha kiasi gani zilizotengwa na kutumika kwa vifaa vya kuhifadhi samaki, na katika wadi gani. Wana siku 21 za kujibu, na wasipojibu mnaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wala msidhani karatasi ya mtu mdogo haina uzito: wavuvi wa Lamu walifungua shauri lao juu ya bandari hiyo ya LAPSSET mwaka 2012, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya 2018 ikaona kwamba haki zao za kupewa habari, kushirikishwa na kulindiwa utamaduni wao zilikiukwa. Mwaka 2019 leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu, nayo ilifutwa na mahakama ya rufaa za mazingira, sababu kubwa ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

Mwisho, kama mnataka kujisajili, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, nayo hairuhusu shirika kumpigia debe mgombea wala chama cha siasa. Wawakilishi wadi watakuja kwenu kuelekea uchaguzi, kwa hiyo wapeni wote karatasi moja ile ile.

Binti wa Langoni amerudi:

Nawashukuru sana, baba zangu na dada yangu. Ni kweli, tulikwenda kaskazi tupu, na katika maswali yetu yote hatukuuliza hata mara moja chombo ni cha nani. Tumekubaliana leo kwamba tutarudi kwenye nyumba zile zile Juni, na barua ya kuomba habari itaandikwa wiki hii. Nahodha, nakuomba jambo moja: kama tukija Kizingitini, utatusaidia kuketi na mabaharia pasipo tajiri kuwapo, na bila wao kuja kudhurika baadaye kwa kusema nasi?

Nahodha wa Kizingitini amejibu:

Njooni siku ya Ijumaa baada ya sala, vyombo vingi vinakuwa vimelala. Mtakaa nyumbani kwangu, dikoni hapafai kwa mazungumzo hayo. Na mje na mama wawili wa Matondoni, ili mabaharia wawasikie wao kabla ya kuwasikia ninyi.