Tupeane uzoefu: uliyewahi kutoa taarifa TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), ilikuwaje?

Mnyegezi: Wakuu, leo nimeona mtu kapandishwa kizimbani kwa hongo nikakumbuka yangu. Wa hapa Mwanza mliowahi kutoa taarifa, tupeane uzoefu.

Mama Dagaa: Mwaloni Kirumba, mzigo umeshapakiwa, jamaa kakalia kibali mpaka nimpe ya soda. Soda ya laki mbili! Nikapiga 113 ya TAKUKURU, ni bure. Wakaniita, nikaandika maelezo, namba za noti za mtego zikanakiliwa. Wakanionya: usimbembeleze apokee, mwache adai kwa mdomo wake. Weee! Siku hiyo jamaa akawa mpole kama padri, ananiuliza habari za watoto. Jua linawaka, dagaa wako juu ya gari, nami naomba Mungu adai! Mwishowe: "Na ile yangu?" Nikampa. Vijana wawili niliodhani wapagazi wakamdaka noti zikiwa ndani ya daftari. Namba zikasomwa palepale mbele ya mashahidi.

Sengerema1: Mpole kama padri 😂😂

Igoma Kwetu: Dada, ungempa yaishe. Umemharibia mtu kazi kwa laki mbili.

Mama Dagaa: Gari likilala ungelipa wewe?

Bush Lawyer: Igoma, angempa kimyakimya naye ni mkosaji. Kifungu cha 15, Sheria Na. 11 ya 2007, mtoaji na mpokeaji wote ndani.

Igoma Kwetu: Haya mheshimiwa jaji.

Mzee wa Kisesa: Kesi za mtego nyepesi. Yetu ilikuwa kisima: hela zimetoka, bomba hakuna. TAKUKURU wakabeba hati za malipo, risiti, mihtasari, wakaja na fundi kupima. Na kesi za namna hiyo jalada linasubiri kibali cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kwanza. Kufika mahakamani, wajumbe waliosaini mihtasari wakawa ghafla hawajui kusoma. Ikafa.

Binti Kamanga: Rekodi kila kitu kwenye simu, rusha kwenye magrupu!

Bush Lawyer: Ukirusha, kesho nyaraka zimechomwa. Peleka kwao kwanza. Na sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015.

Mzee wa Kisesa: Ipo. Na mtuhumiwa naye yupo, tunachangia ukuta.

Mnyegezi: Mama Dagaa, ya kwako iliishaje?

Mama Dagaa: Alitiwa hatiani, akalipa faini. Sasa anafanya biashara, huwa ananunua kwangu.

Sengerema1: Gunia bei gani? Njoo PM.