Fremu ya baiskeli ya mlima: nyaya za nje au za ndani? Nalinganisha tatu kabla sijatoa pesa

Mpanda_Wanale (Mbale)

Habari zenu wakuu. Fremu yangu imepasuka pale mrija wa kiti unapokutana na mrija wa juu. Fundi wa kuchomelea ameitazama, akagonga kwa kucha, akasema alumini iliyochoka namna hii haigusi. Natafuta fremu tupu. Magurudumu ya inchi 29, gia na breki ninazo, nitahamisha tu.

Sharti langu kubwa ni nyaya za gia na breki zipite nje ya mirija ya fremu, si ndani yake. Mnicheke mkitaka, ila sikilizeni kwanza. Mwaka jana waya wa gia ulikatika nikishuka kutoka Kapchorwa. Fremu ilikuwa ya nyaya za ndani. Nikampata fundi wa kando ya barabara, mtu mwenye mikono mizuri kabisa, anayejenga gurudumu kwa macho bila kipimo. Tulianza saa tisa mchana. Alijaribu spoku iliyopindwa ncha, akajaribu uzi na kunyonya kwa mdomo upande wa pili, akageuza baiskeli miguu juu na kuitikisa kama anayetafuta sarafu kwenye kibubu. Giza likatukuta. Mwishowe akapitisha waya nje, akaufunga kwa vipande vya tyubu, nikapanda nikaenda zangu. Tangu siku ile fremu ikabaki na matundu mawili yasiyo na kazi, na wale nyigu wa kujenga kwa udongo wakahamia humo.

Sasa nina fremu tatu mbele yangu:

1. Surly Karate Monkey. Chuma cha kromoli 4130, ganda la waya (ule mrija unaoufunika waya) linapita nje kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye vishikizi. Nzito, na kwa usafiri na ushuru ikifika hapa inakaribia bei ya bodaboda iliyotumika.

2. Fremu ya alumini ya mtumba, ya miaka ile inchi 29 zilipoanza kuenea. Nyaya chini ya mrija wa juu, ganda linakatika katikati na waya unabaki uchi. Bei ya kirafiki.

3. Fremu mpya ya alumini, nyaya za ndani, muuzaji wa Kampala anaitoa kwa punguzo. Nyepesi, inapendeza, na ndiyo ninayoiogopa.

Wenye uzoefu, semeni.

---

Fundi_Nakivubo (Kampala)

Ndugu, kwanza tutenganishe mambo, maana unasema "nje" kama ni kitu kimoja. Ziko nje za aina mbili.

Ya kwanza ni hiyo namba 2 yako. Ganda linaishia kwenye kituo kilichochomelewa kwenye fremu, waya unaenda uchi, halafu ganda jingine linaanza mbele. Watu wanaidharau bure. Vituo vingi vya namna hiyo vina mpasuko ubavuni: unalegeza breki au unashusha gia hadi ile ndogo kabisa bila kuzungusha pedeli, waya unalegea, unachomoa ganda kwenye kituo, unafuta, unatia grisi kidogo, unarudisha. Dakika tano, na waya hukuukata. Ubaya wake ni kwamba kila mdomo wa ganda ni mlango wa maji na vumbi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia vyuma. Mvua za Machi hadi Mei ukipanda kila wikendi, utafanya usafi huo kila wiki mbili, la sivyo gia zitaanza kusita.

Ya pili ni ganda zima kutoka mkononi hadi nyuma, kama Karate Monkey. Midomo ni miwili tu. Tope halina pa kuingilia katikati. Hii ndiyo ninayowashauri wateja wangu wanaoendesha porini.

Angalia pia nyaya zinapita wapi, si nje tu. Zikipita chini ya mrija wa chini na kuzunguka tumbo la pedeli, kila jiwe linalorushwa na gurudumu la mbele linazikuta hapo, na tope lote linaganda hapo. Zikipita juu ya mrija wa chini au chini ya mrija wa juu, zinapona. Nimeona fremu nyingi zenye nyaya za nje ambazo mbunifu wake hakuwahi kuona barabara ya murram.

Jambo moja la usalama, samahani nikirefusha. Ganda la gia na ganda la breki havibadilishani. La gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, ukilitumia kwenye breki linaweza kupasuka siku unapobana kwa nguvu mteremkoni. La breki ni chuma kilichosokotwa kama springi. Ukilitia kwenye gia linabonyea, na gia hazitakaa sawa hata urekebishe mpaka kesho. Mafundi wa barabarani wanachanganya kwa sababu wana roli moja tu dukani.

---

Nyabo_wa_Mabira (Mukono)

Mimi nitasema upande ambao hamtaki kuusikia. Nina nyaya za ndani, mwaka wa pili huu, msitu wa Mabira karibu kila Jumamosi. Nimebadilisha waya wa gia mara moja. Siri ni moja: usichomoe ganda la zamani kabla hujapitisha kitu ndani yake. Ukiwa unabadilisha waya tu, waya mpya unafuata ganda lile lile. Ukiwa unabadilisha ganda, acha waya ndani uwe reli, vuta ganda la zamani, sukuma jipya juu ya waya uleule. Sihitaji sumaku wala kunyonya.

Halafu kuna jambo la usafiri. Baiskeli ya mwenzangu ina nyaya nje. Tulienda Fort Portal kuzunguka maziwa ya volkeno, baiskeli zikafungwa juu ya taksi kwa kamba ya katani. Kufika, kamba ilikuwa imebana ganda lake la gia mpaka limepinda kama mrija wa soda. Langu liko ndani, salama. Na vichaka vya lantana vinavuta chochote kinachoning'inia.

---

Mpanda_Wanale

Dada, hoja ya kamba nimeipokea. Lakini mbinu yako inataka waya ulio mzima. Wangu ulikatika ndani, ukachanua nyuzi kama ufagio. Reli ingetoka wapi?

---

Nyabo_wa_Mabira (Mukono)

Hapo umenishika. 😅

---

Kivu_Mteremko (Kasese)

Kaka, muulize muuzaji wa namba 3 swali moja kabla ya mengine yote: nyaya zinaingilia wapi? Kama zinaingia kwenye matundu ubavuni mwa fremu, unaweza kuishi nazo. Baadhi ya fremu, hasa za kaboni, zina mrija mdogo ndani unaoongoza waya mpaka utokee wenyewe, na hizo hazina shida hata kidogo. Ila siku hizi zipo zinazoingiza kila kitu kupitia beringi za usukani. Hizo zikimbie. Siku beringi ya juu ikianza kukwaruza, na kwa vumbi hili itakwaruza, mara nyingi itabidi ukate au ufungue bomba la breki ndipo uibadilishe. Beringi ya bei ya chakula cha mchana inakuwa kazi ya siku nzima.

Unatumia breki za waya au za mafuta?

---

Mpanda_Wanale

Za mafuta, Shimano, mbele na nyuma.

---

Fundi_Nakivubo (Kampala)

Basi ungeanza na hilo, maana linabadilisha hesabu yote.

Kwa breki ya mafuta, kuipitisha ndani ya fremu maana yake ni kukata au kufungua bomba. Ukishafungua, unahitaji kile kipete kidogo cha shaba kinachobana bomba na kile kipini kinachoingia ndani yake, vyote vipya, kisha kujaza mafuta na kutoa hewa. Shimano ni mafuta ya madini. Ukiwekewa DOT, yaani mafuta ya breki ya magari, kwa bahati mbaya, mipira ya ndani inavimba na breki imekwisha. Je, Mbale utavipata vyote hivyo siku ya Jumapili?

Kwa fremu ya nyaya za nje unafungua boliti mbili za kikamatio nyuma, unalegeza kifungo cha mkono wa breki kwenye usukani, unakata zipu tai, na breki inatoka nzima, mafuta hayajaona hewa. Unaifunga kwenye fremu mpya. Mteja wangu mmoja tulimhamishia tukiwa tunasubiri chai ichemke.

Tahadhari mbili. Zipu tai usizikaze mpaka zibonyeze bomba. Na kila mahali bomba linapogusa fremu, tia kipande cha tyubu ya zamani kati yake, kwa sababu vumbi likikaa hapo linafanya kazi ya msasa: rangi inaondoka, chuma kinashika kutu, na kwenye alumini nimeona mfereji kabisa.

---

Mzee_wa_Busia

Vijana mnahangaika. Baiskeli nyeusi ya zamani, ile tuliyobebea abiria kuvuka mpaka hadi neno boda boda likazaliwa, breki zake ni fimbo za chuma. Hakuna waya wa nje wala wa ndani. Ikipinda unanyoosha kwa jiwe.

---

Kivu_Mteremko (Kasese)

Shikamoo mzee. Na ilikuwa inasimama? 😂

---

Mzee_wa_Busia

Marahaba. Ilisimama ukiwa na viatu vizuri.

---

Kivu_Mteremko (Kasese)

Turudi kwenye fremu. Namba 2, pima upana wa nyuma. Fremu za enzi hizo nyingi ni milimita 135 na ekseli ya kufungua kwa mkono. Habu yako kama ni 142 ya ekseli nene haitaingia hivi hivi, ingawa habu nyingi zinabadilishwa vifuniko vya pembeni. Karate Monkey ina 145, imekusudiwa kupokea 142 na 148. Angalia pia beringi za pedeli zinaingia kwa nyuzi, yaani kwa kukazwa kama skrubu, au kwa kugongwa. Za nyuzi unafungua kwa spana. Za kugongwa, fundi asiye na chombo chake atatumia nyundo, na hapo ndipo fremu inapoanza kulia ngwee-ngwee.

Na kama bado una gia za mbele, ziondoe. Ukibaki na gurudumu moja la meno mbele, umepunguza waya mzima. Unabaki na waya wa gia mmoja na bomba moja la breki kwenda nyuma, na mjadala huu unapungua nusu.

---

Mpanda_Wanale

Nimerudi. Jana nilikwenda kuipima namba 2 kwa rula ya mwanangu. Nyuma ni 135, pedeli ni za nyuzi, na habu yangu ina vifuniko vinavyotoka kwa kuvuta. Vituo vya waya viko chini ya mrija wa juu, vyote vizima, kimoja kina rangi ya mwenye baiskeli wa awali aliyeipaka kwa brashi. Karate Monkey naitamani, ila ada ya shule inaanza mwezi ujao na kwangu ada ndiyo inayoamua. Namba 3 nilimpigia muuzaji, nilipomuuliza nyaya zinaingilia wapi akanijibu, "Zinaingia vizuri tu." Nikakata simu.

Nimelipa arbuni ya namba 2. Swali kwa fundi: hivi vituo nivitoboe nipitishe ganda zima?

---

Fundi_Nakivubo (Kampala)

Usitoboe fremu ambayo hata nyumbani haijafika. Lalisha ganda zima kando ya vituo, lishike kwa zipu tai juu ya kila kimoja, na bomba la breki upande wa pili hivyo hivyo. Si mapambo, lakini linakaa. Fremu ukiibeba begani kule Sipi, weka zipu tai kichwa chake kikitazama chini ya mrija, la sivyo kitakuchimba shingo.

Ganda la gia la milimita 4 ninalo, nakata kwa mita. Pima usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, uchukue urefu ulio mkubwa, uongeze kiganja kimoja. Ukinitumia kipimo leo, litapanda basi la asubuhi.

---

Mpanda_Wanale

Kiganja changu au chako?