Mkorogo: afungwe muuzaji au mtumiaji?

Kijana wa Temeke: Wakuu, shangazi yangu katoka kwa daktari wa ngozi, karatasi imeandikwa "okronosisi". Mashavu yamekuwa bluu-nyeusi, yana vipele vidogo mfano wa ulezi. Alikuwa anapaka mkorogo wa kwenye kikopo kisicho na lebo. Haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, si ilishapigwa marufuku kwenye vipodozi? Kwa nini muuzaji hafungwi?

Darubini: Jina hilo la okronosisi alilitoa Virchow, daktari Mjerumani, 1866. Alipasua maiti akakuta gegedu nyeusi, lakini kwenye darubini zikaonekana njano. Kwa Kigiriki *okhros* ni njano iliyopauka.

Mama Wawili: Mtu analia na shangazi yake, wewe unamletea maiti.

Zube: Hakuna wa kufungwa hapo. Uso Fanta, miguu Kokakola, halafu lawama kwa muuza duka! Alishikiwa panga?

Mama Wawili: Wewe ndiye nilikuwa nakungoja. Wanaotafuta wachumba wanaandika "awe mweupe au maji ya kunde" ni kina nani? Si nyie?

Zube: Usinijumlishe. Mke wangu ni mweusi tii na sijawahi kulalamika.

Bi Mkasi: "Sijawahi kulalamika"! Kumbe ulipewa haki ya kulalamika ukaamua kumsamehe?

Mama Wawili: 😂😂 Zube, hapo jibu.

Zube: Mnageuza maneno. Nilikuwa namsifia.

Bi Mkasi: Nenda kamsifie hivyo hivyo mezani leo, kisha utuambie ulilala chumba gani.

Msafiri: Turudi kwenye mada jamani. Afrika Kusini walipiga marufuku krimu hizi enzi za urais wa Mandela.

Darubini: Marufuku ni ya 1990, Mandela ndiyo kwanza katoka gerezani. Na huko huko ndiko daktari wa ngozi Findlay alikoeleza okronosisi ya krimu, 1975. Ile ya Virchow ni ya kurithi, mkojo ukikaa unageuka mweusi. Hii ya shangazi imetokana na kupaka. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi, ila ukiipaka miaka, giza linarudi na kuzama ndani.

Kijana wa Temeke: Sasa litatoka?

Darubini: Kwa shida sana. Kwanza aache krimu, ajikinge na jua. Na asikubali kuuziwa nyingine ya "kusafisha madoa", wengi ndipo wanapozidi kuungua.

Msafiri: Kwa hiyo muuzaji anafungwa au hafungwi?

Zube: Nani kampelekea mke wangu huu mjadala?