Viota vya teleka ghorofani: vikwanguliwe au vingoje?

Nkuhungu Kwetu: Wakuu, salaam. Jengo la ofisi ninapofanyia kazi hapa Dodoma linapigwa rangi. Chini ya paa kuna viota vya teleka vimebanana kama mikungu ya ndizi. Jana fundi kavikwangua, makinda wakadondoka kwenye zege, hawana hata unyoya. Hoja yangu: jiji liweke sharti, viota visiguswe mpaka makinda waruke. Ni wiki tano, sita tu.

Fundi Rangi: "Fundi kavikwangua." Kwani fundi ndiye mwenye jengo? Tajiri kasema Ijumaa kazi iishe. Nikingoja wiki sita, mirunda ya kukodi analipia nani, teleka?

Mama Zabibu: Hao si ndio kwelea? Chamwino walinimalizia uwele wote. Mimi na ndege tumeshamalizana.

Mwana Bahi: Shikamoo mama. Kwelea anakula nafaka. Teleka hagusi hata punje, chakula chake ni wadudu wa hewani. Mvua ya kwanza ikinyesha, angalia wanavyowafanya kumbikumbi.

Mama Zabibu: Marahaba. Basi waambie na mbu wa Kizota wanasubiriwa.

Mtumba Road: Mimi swali moja. Teleka wa huku hapungui, kila ghorofa na kila daraja jipya ni nyumba kwake. Sharti la nini? Bora mwenye jengo akwangue kabla hawajataga.

Makole Original: Jamani, hao ni mbayuwayu. Teleka ndio nini?

Mwana Bahi: Mbayuwayu anajenga kwa tope, na unamkuta kwenye waya wa umeme. Teleka anagandisha manyoya na nyasi kwa mate yake. Miguu yake mifupi mno, ni ya kung'ang'ania ukutani tu. Wa ghorofani ana kiuno cheupe na mkia butu. Ukimkuta ametua kwenye waya, nakupa mbuzi.

Makole Original: Mgogo atoe mbuzi kwa ajili ya ndege? Nasubiri 😂

Mwana Bahi: Ndiyo shida ya mliokuja na serikali 2016. Hata ndege wetu mnataka kuwabadilisha jina.

Makole Original: Nani kaja 2016? Nimezaliwa Makole 1984! Mzee wangu kafika hapa enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, wewe Bahi ulikuwa unaisikia Dodoma redioni.

Mama Zabibu: Hapo sasa.

Nkuhungu Kwetu: Wakuu, turudi kwenye mada. Uingereza teleka wao aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini mwaka 2021. Mji wa Brighton unataka majengo mapya yawe na matofali yenye tundu la kuatamia.

Fundi Rangi: Tofali lenye tundu? Hapa tunamrudishia mfyatuaji.

Mtumba Road: Swali langu halijajibiwa.

Mwana Bahi: @Makole Original, Bahi tunalima mpunga mnaokula huko mjini. Heshima kidogo.

Makole Original: Mpunga sawa. Nimempiga picha ndege hapa nje, yuko kwenye waya. Mbuzi wangu awe dume.

Mwana Bahi: Mkia wake una panda mbili ndefu. Huyo ni mbayuwayu! Umesoma nilichoandika?

Makole Original: Dume, tena mweusi.