Naomba ushauri: sabuni haiachii protini ya utando kwenye spektrometa ya masi

Wakuu, salaam. Nipo Ujerumani nasoma uzamivu, na hii ni wiki ya tatu nimekwama. Nafanya kazi na AmtB, ile protini ya E. coli inayopitisha amonia kwenye utando wa seli. Hukaa tatutatu, jumla kama kilodaltoni 127. Nataka kuipima ikiwa bado imejikunja, nione lipidi zipi (mafuta ya utando) zimeshikamana nayo.

Kuisafisha hakuna shida, jeli inatoka safi. Kasheshe iko kwenye mashine, yaani hiyo spektrometa inayopima uzito wa molekuli. Niliitoa kwenye utando kwa sabuni ya maabara iitwayo DDM, nikaihamishia kwenye amoniamu asiteti ya milimola 200, DDM nikaiacha mara mbili ya kiwango cha kuunda miseli (vifundo vya molekuli za sabuni vinavyoifunika protini). Volteji ikiwa ndogo naona kitu kimoja kipana kama nundu ya ngamia, sabuni tupu. Nikipandisha, vilele vinachomoza vizuri, ila lipidi nazo zimeshaondoka, na pembeni kuna protini mojamoja zilizobanduka kwenye utatu wao. Ni kama kumenya yai bichi!

Nasikia sabuni nyingine, C8E4, huachia protini kwa nishati ndogo zaidi. Tatizo, miseli zake huanza karibu asilimia 0.25, kwa hiyo inaliwa nyingi, na bei yake wenyewe mnaijua. Msimamizi wangu anasema nikomae na DDM.

Aliyewahi kuhamia C8E4, ulibadilishia kwenye safu ya kutenganisha kwa ukubwa au kwenye vichujio vya sentrifyuji? Protini haikuganda? Na zile sindano za kioo za kupulizia sampuli kwenye mashine, kwenu pia zinaziba kila saa, au ni mkono wangu tu?