Wauzaji wa vito vya kale vya Java, acheni kukatakata seti!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Anayekusanya vito vya Java, kile kisiwa cha Indonesia, anaijua peniti renteng: bruchi tatu zilizounganishwa kwa vijinyororo, ambazo mwanamke hufungia kebaya, blauzi ya kike ya huko, kifuani, maana kebaya ya kizamani haina vifungo. Zilitengenezwa pamoja, zikavaliwa pamoja, zikarithiwa pamoja. Sasa kuna muuzaji huku Uholanzi nilimlipa arubuni ya seti nzima: suasa, ile dhahabu nyekundu iliyochanganywa na shaba, na almasi za mkato wa kale zenye mgongo bapa. Kwenye picha bruchi zote tatu zipo na nyororo zake. Nilipokwenda kuchukua nikakuta moja! Mbili keshauza kwa watu wawili tofauti.

Nyororo kazikata kwa koleo. Vipete vilivyozishika bado viko pembeni, midomo imepanuliwa, na mgongoni kuna tone jeupe la risasi alipobandika kitanzi ili iwe kidani. Risasi juu ya suasa! Muulizeni sonara yeyote risasi inaifanya nini dhahabu ikipata moto. Namuuliza mwenyewe, ananijibu wateja wa siku hizi hawataki seti, wanataka kipande kimoja cha kuvalia fulana. Na arubuni yangu eti imeshahesabiwa kwenye hicho kimoja. Hii ni dhuluma, sina jina lingine.

Wako wengi wa namna yake. Suweng za masikioni zina shina nene kwa sababu zilivaliwa kwenye tundu pana la ndewe. Wao wanakata shina, wanatia waya, wanaandika "zimeboreshwa". Mliowahi kuona majasi ya mabibi zetu wa pwani mnajua, likishakatwa hivyo hilo si jasi tena. Mendak, ile pete inayokaa chini ya mpini wa keris, jambia la Java, nimeiona inauzwa kama pete ya kidoleni. Ina maana kuna keris mahali fulani imeachwa bila mendak yake, na mnunuzi anatembea na kipande cha silaha kidoleni bila kuambiwa.

Halafu kila pete iliyochakaa ni "ya Majapahit". Dola hiyo ya kale ya Java ilianzishwa 1293, ndugu zangu! Kama kweli ni ya huko, imetokaje Indonesia? Sheria yao ya mwaka 2010 kuhusu urithi wa utamaduni inakataza kutoa vitu vya namna hiyo nje ya nchi bila kibali. Ukiomba karatasi unajibiwa "ilikuwa ya familia". Familia ipi, ilitoka mji gani, ilitoka lini? Kimya.

Tazameni hazina ya Wonoboyo. Mwaka 1990 watu waliokuwa wakichimba udongo kule Klaten, Java, karibu na mahekalu ya Prambanan, walikuta vito na vyombo vya dhahabu vya karne ya 9 na 10, likiwemo bakuli lenye picha za Ramayana, ule utenzi wa kale wa Kihindu. Vilikuwa pamoja ardhini, vikaenda makumbusho kwa wingi wake, ndiyo maana wataalamu waliweza kuvisoma kwa kulinganisha kimoja na kingine. Vingepitia mikononi mwa huyu jamaa wangu, leo tungekuwa na vidani vya fulana.

Ombi langu kwa wanajamvi. Kama kuna aliyenunua karibuni bruchi moja ya suasa yenye umbo la ua la petali nane, igeuze. Ukiona vipete viwili pembeni vilivyopanuliwa mdomo, au tone jeupe la risasi, weka picha ya mgongo hapa. Ninayo ya katikati, na kwa hizo mbili niko tayari kulipa bei uliyonunulia na nauli ya posta juu. Na anayetaka kununua kwa muuzaji wa vito vya kale asitoe arubuni kabla ya kuandikishiana idadi ya vipande, mimi na huyo bwana tuliishia kwa maneno ya mdomo na ndipo alipopatia mwanya.